Ina Karanga

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za gari, fulana mbili za kazi na kitambulisho chenye picha yangu ya wakati nilipokuwa na nywele. Mlinipa keki na saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu asiyesubiriwa tena na yeyote, mkaniomba niwaandikie niliyojifunza katika miaka ya kuwatembeza wageni Kampala, kuwalisha, kuwanywesha na kuwasindikiza madukani. Nadhani mlitaka kurasa mbili za kuchekesha. Zitazidi mbili, na kuna mahali hazitachekesha. Lipo jambo nililowafundisha ninyi nyote kwa mdomo wangu ambalo si kweli, na nimeamua kulifuta kabla sijafa. Linamhusu mpishi aitwaye Mama Furaha, na neno moja. Nitalifikia kwa utaratibu.

Nilizaliwa Mbuya, katika nyumba za askari. Baba alikuwa koplo kutoka Gulu, na majirani walitoka kila upande wa nchi, kwa hiyo sisi watoto tuligombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiswahili. Baadaye, sekondari, nilimpata mwalimu kutoka Tanga ambaye hakuvumilia Kiswahili cha kambini. Ukimwandikia "kitu yangu" alikizungushia duara jekundu, kisha duara jingine juu ya lile la kwanza. Nilitoka pale na cheti cha kawaida na Kiswahili safi, nikajivunia cha pili kuliko cha kwanza. Nyakati hizo lugha hiyo ilikuwa na sura ya askari. Ukimsalimia mtu sokoni kwa Kiswahili alitazama kwanza mikono yako. Lakini kampuni yetu ilikuwa ikipokea Wakenya, na ilihitaji mtu wa kuongea na wafanyabiashara wa Kongo, wakanichukua. Ndiyo kusema niliajiriwa kwa sababu ya ulimi wangu. Kumbukeni hilo.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Lubega, Mganda mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Tulikuwa na mtu na mkewe, walimu wastaafu kutoka Ulaya, na tuliwapeleka Kikuubo, penye maduka ya jumla. Nilisimama katikati ya kichochoro nikaanza kuwaeleza historia ya biashara tangu zama za misafara. Mchukuzi mwenye robota la nguo kichwani alinipitia begani bila kupunguza mwendo, nikaangukia masanduku ya sabuni. Mzee Lubega hakunisaidia kuinuka. Aliwatazama wageni, akanitazama mimi.

"Mwana wa afande," aliniambia, "wewe naongea kama ledio. Mgeni iko na njaa, na mama iko na mkojo. Historia badaye."

Nimewatembeza wageni zaidi ya miaka ishirini na tano na sijapata somo zuri kuliko hilo. Andikeni mahali.

Mengine niliyojifunza kwake ni ya vitendo. Kikuubo nendeni asubuhi, kabla malori hayajaanza kushusha. Msisimame katikati, maana wachukuzi hawana breki. Mmoja wenu atangulie na mwingine afunge mkia. Mabegi makubwa yabaki garini, kwa sababu pale kuna vidole vinavyofungua zipu kwa adabu kuliko mwenyewe. Kitenge kilowesheni kwa kidole gumba kilichotiwa mate. Rangi ikibaki kwenye kidole, rudisheni kitenge dukani na kidole mfukoni. Mgeni akitaka gomesi, lile gauni refu la Kiganda, mtafutieni wanawake wawili wa kumfunga mshipi, kwa maana akijifunga mwenyewe atafanana na kifurushi cha posta. Kahawa inunuliwe pale inapokaangwa, si penye picha ya mlima kwenye pakiti.

Kuhusu vinywaji, kumbukeni malwa, ile pombe ya ulezi. Mgeni yeyote akiona chungu kimoja na wazee saba wenye mirija mirefu, atataka kupiga picha. Kwanza aketi, anywe, asalimie, ndipo aombe. Na mwambieni mapema asipulize kwenye mrija. Kijana mmoja wa Nairobi alipuliza, povu likamfikia mwenyekiti wa chungu, na ilitubidi kukaa alasiri nzima kuomba radhi kwa kunywa. Alisema ile pombe ina ladha ya uji uliogombana na mtu. Aliimaliza, hata hivyo.

Kuhusu chakula, Mzee Lubega alikuwa na sheria moja tu, na hiyo ndiyo niliyoivunja. Hakuwahi kumwuliza mpishi swali akiwa amesimama mlangoni. Aliingia jikoni, akasalimia, akaomba ruhusa, akafunua sufuria, akatazama, akanusa, akaonja. Nilimwuliza kwa nini asiulize tu kama watu wengine. Alisema mdomo una makosa mengi, hata wa mtu mwema, lakini sufuria haijui lugha. Nilidhani anasema hivyo kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kibovu. Mimi changu kilikuwa kizuri, ya nini kufunua sufuria za watu?

Mzee Lubega alipostaafu nikawa mimi ndiye mkubwa wa njia za mjini. Wakati huo ndipo nilipomgundua Mama Furaha. Alikuwa amekimbia Bukavu na kufungua jiko katika kichochoro jirani na Kikuubo, akiwapikia Wakongomani wanaokuja kununua bidhaa. Alikuwa na meza nne, mabenchi, na ukuta wenye moshi. Alipika fufu, ule ugali wa muhogo, samaki wa chumvi, na sombe, yale majani ya muhogo yanayotwangwa na kuchemshwa saa nyingi hadi yanalainika kama uji. Nilionja nikajua nimepata kitu. Nililiingiza jiko lile katika daftari letu la mahali pa kula, na kwa mwaka mmoja na nusu tuliwapeleka wageni kila wiki. Wageni walimpenda. Alipaka ukuta rangi ya samawati, akanunua sahani zinazofanana, akamleta dada yake amsaidie. Makampuni mengine yakatufuata. Alikuwa akiniita "baba wa bageni", na nilipofika alinitengea ukoko wa fufu bila kuombwa.

Sasa nafika.

Tulikuwa na kundi la wageni sita. Mmoja aliitwa Klara, msichana mrefu, mpole, aliyekuwa akiandika majina ya vyakula katika kijitabu. Asubuhi, garini, aliniambia wazi kwamba karanga zinaweza kumwua. Hazimsumbui tu tumbo, alisema, zinamfunga koo. Alinionyesha sindano ya dharura aliyoibeba katika begi lake. Nilimwelewa kabisa. Tulipofika, nilimwambia begi libaki garini pamoja na mengine, kwa sababu ya wezi. Alisita. Nilimwambia kwa sauti ya mtu mzoefu kwamba nitashughulikia chakula mwenyewe, asiwe na wasiwasi. Akaliacha. Hilo ni kosa la kwanza, na lilitokana na sheria nzuri iliyotumiwa na mtu asiyefikiri.

Sara, ambaye leo ndiye anayewapangia safari, alikuwa na miezi miwili kazini. Tulipofika kwa Mama Furaha alininong'oneza, "Mzee, nimwulize mimi? Karanga sokoni wote wanaziita binyebwa." Nilimjibu kwamba mama huyu ni Mkongomani, lugha yake ni Kiswahili, na Kiswahili ni kazi yangu. Hilo ni kosa la pili, na hilo halikutokana na sheria yoyote.

Nilisimama mlangoni. Mama Furaha alikuwa ameinamia sufuria, mgongo kwangu, mvuke umemfunika. Nikauliza, kwa matamshi ambayo mwalimu wangu wa Tanga angeyapigia makofi, "Mama, mboga hii ina karanga?"

"Hapana, baba," alisema bila kugeuka. "Yote ni ya kutokotesha."

Nilisikia "hapana" nikafunga masikio. Niligeuka nikamwambia Klara ale.

Alikula matonge matatu, labda manne. Alisifu. Kisha akaweka mkono shingoni, na midomo yake ikaanza kuvimba tukiiangalia. Nilikimbia kwenda kwenye gari. Dereva alikuwa amelisogeza kwa sababu ya polisi wa barabarani, nikalitafuta mtaa mzima nikipiga kelele kama mwizi anayejikimbiza mwenyewe. Niliporudi na begi, Klara alikuwa amelazwa kwenye benchi, uso si wake, na pumzi yake ilikuwa na sauti ya mlango mbovu. Mwenzake alimchoma sindano pajani juu ya suruali. Tulimbeba hadi garini, kisha hospitali. Alasiri daktari alitoka akasema hatari imepita. Niliketi sakafuni, nikiwa na fulana ya kampuni.

Mama Furaha alitufuata kwa miguu. Alifika na aproni yake, mikono bado ina kijani cha sombe. Alinikuta kwenye veranda, peke yangu. Aliuliza kwanza kama mtoto amepona, na nilipomwambia amepona alifunga macho kidogo. Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo.

"Baba, weye uliniuliza kama inakaranga. Nikakuambia hapana, ni ya kutokotesha. Binyebwa haukuniuliza."

Niwaeleze, kwa sababu wengi wenu hamkukulia na Wakongomani. Sisi shuleni tulifundishwa kwamba kitu kinachopikwa kwenye mafuta kinakaangwa. Kwao Kivu, kukaanga ni kukaranga. Samaki wa mafuta ni samaki ya kukaranga. Na zile punje zenyewe, tangu aingie Kampala alikuwa akizinunua kwa wanawake wa sokoni kwa jina la binyebwa, zimesagwa tayari, kilo kwa kilo, na jina jingine hakuna aliyelitaja mbele yake. Mimi nilisema "ina karanga". Yeye alisikia "inakaranga", yaani inakaangwa. Sikio la binadamu haliwezi kuona nafasi kati ya maneno mawili; nafasi hiyo inaonekana kwenye karatasi tu, na pale jikoni hapakuwa na karatasi. Alidhani mgeni hapendi chakula cha mafuta, kama wageni wengi, akanijibu ukweli mtupu: hakikukaangwa, kimechemshwa. Aliniambia hata namna kilivyopikwa. Kama ningesikiliza maneno manne ya mwisho ningeshtuka.

Na hapa ndipo kosa la tatu, ambalo ndilo hasa. Nilielewa palepale. Kabla hajamaliza sentensi nilikuwa nimeelewa. Nilimwambia arudi nyumbani, nitaongea na ofisi.

Kesho yake mkurugenzi alitaka ripoti. Niliandika kwamba mpishi aliulizwa waziwazi kama chakula kina karanga, akakana. Tazameni hiyo sentensi. Hakuna neno la uongo ndani yake, na yote ni uongo. Nilitumia elimu yangu yote ya sekondari katika mstari mmoja. Mkurugenzi alisoma, akaniuliza kama nina uhakika, nikasema ninao. Alifungua daftari la mahali pa kula, akanipa kalamu nyekundu, na ni mimi niliyepiga mstari juu ya jina la Mama Furaha. Alikuja ofisini mara mbili. Mara zote mbili niliwaambia wa mapokezi kwamba nimetoka.

Makampuni mengine yalisikia, kama yanavyosikia kila kitu. Wageni wakakatika, na hata Wakongomani wakaanza kunong'ona kwamba polisi watakuja. Baada ya miezi michache nilipita kichochoro kile na kundi jingine nikakuta pale panauzwa viatu. Ukuta ulikuwa bado wa samawati. Mgeni mmoja alipiga picha, alipenda rangi.

Nilifanya jambo moja la maana, nalo mnalijua. Nilitafuta kichupa cha kioo chenye kifuniko cha kubana, nikatia karanga. Tangu siku hiyo sikuuliza tena kwa neno peke yake. Naingia jikoni, nasalimia, naweka kichupa mbele ya mpishi, nauliza, "Hiki kimo?" Kisha nafunua sufuria. Baadaye niliongeza kichupa cha ufuta, cha unga wa maziwa, cha dagaa. Mnavicheka vichupa vyangu, lakini kila mmoja wenu anavyo, na tangu wakati huo hakuna mgeni wetu aliyedhurika. Njia ni sahihi. Sababu niliyowapa ndiyo ya uongo. Kila mwaka, kwa wapya, nilisimama mbele nikasema: kulikuwa na mpishi mmoja aitwaye Mama Furaha, nilimwuliza, akanidanganya, kwa hiyo msiwaamini wapishi. Nilifundisha vizuri mno. Jina lake likawa neno la ofisini. Hoteli ikisema ina maji ya moto na haina, mnasema imetuletea u-Mama Furaha. Dereva akisema amefika naye bado yuko kitandani, "Acha u-Mama Furaha, ssebo."

Siku ya keki, kijana mmoja aliinuka kunipongeza akasema Mzee Okwera hajawahi kutuletea u-Mama Furaha. Mlicheka wote. Nilicheka nanyi, keki mdomoni. Nilirudi nyumbani Mbuya, nikatundika ile saa, na kesho yake asubuhi nikaanza kumtafuta.

Ilichukua wiki mbili. Nilianzia Kikuubo kwa Wakongomani wanaouza vitenge, nikaenda kwenye kanisa lao, nikatumwa kwa msusi, msusi akanituma Lubaga, chini ya kilima cha kanisa kuu. Nilimkuta mchana nyuma ya banda la fundi cherehani, chini ya mabati mawili. Ana meza moja sasa. Alikuwa anatwanga sombe kwenye kinu, nywele zimekuwa nyeupe, mikono ni ileile. Aliinua macho akanitambua kabla sijasalimia.

"Baba Karanga," alisema. Hilo ndilo jina langu nyumbani kwao, nilikuja kujua. Wajukuu wake wananifahamu.

Hakunipa kiti, nami sikustahili. Nilisema nikiwa nimesimama: ripoti, kalamu nyekundu, mapokezi, yale niliyokuwa nikiwaambia ninyi kila mwaka. Niliyasema kwa mpangilio, kama nilivyojiandaa. Yeye alitwanga. Nilipomaliza alisimamisha mchi.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Siku ileile. Pale veranda."

Alifuta mchi kwa kiganja. Fundi cherehani naye alikuwa ameacha kushona.

"Miye niliwaambia batoto yangu, yule baba si mubaya," alisema. "Nikasema, hakusikia Kiswahili ya kwetu, ni basi. Miaka yote hii ninakutetea. Kumbe ulisikia."

Nimekaripiwa na maafande, na mabosi, na wageni waliokosa ndege. Hakuna lililowahi kunipata pale lilipofika hilo. Niliomba msamaha. Aliupokea kama mtu anayepokea sufuria ya moto, akaiweka chini mara moja.

"Pole ya hapa jikoni sitaki," alisema. "Hapa batu bananijua. Jina yangu iliharibika kwenu. Uende kuitengeneza kule kule."

Nilimwambia nitaandika. Nikamwuliza kama, nikishaandika, ataturuhusu kuja kula. Alirudi kutwanga, nikadhani ndilo jibu. Halafu akasema, bila kunitazama, kwamba chakula kipo kwa kila mtu mwenye njaa, ila nikija na watu nisifungue mdomo. Atawaonyesha mwenyewe.

Kwa hiyo hizi ndizo kurasa mlizoomba. Sara, nakuomba ufungue daftari la zamani, lile lenye jalada la kijani. Mstari wangu mwekundu hautafutika, nimejaribu kuufikiria kila namna. Andika jina lake upya chini yake, kwa mwandiko wako, si wangu, na uandike alipo sasa. Mkurugenzi amepata nakala ya barua hii pamoja na ripoti ya zamani, na nimemwomba awatumie wenzake wa makampuni mengine. Kama watahitaji mtu wa kumwuliza maswali, nina muda mwingi na saa ya kuupimia.

Ijumaa mchana njooni wote Lubaga. Nimemwambia idadi yenu, akasema ataazima mabenchi kwa fundi. Atapika sufuria mbili za sombe, moja yenye binyebwa na moja isiyo nayo. Njooni na vichupa vyenu. Mtafunua wenyewe, mtaonja wenyewe, na atakayeongea ni yeye. Mimi nitakuwa pale pembeni, nitakula nitakachopewa.

Jambo la mwisho. Najua ofisi haiwezi kukaa bila neno la habari isiyoaminika, hoteli zikiwa hivi zilivyo. Jina la yule mama liacheni lipumzike. Tumieni u-Okwera. Ni rahisi kutamka, na mwenyewe nimekubali.